Ampli Mbili, Sebule Moja: Kulinganisha Vyombo vya Muziki Nyumbani Lubumbashi

Jumapili alasiri, kutoka Kamalondo hadi Bel-Air, hukosi sebule yenye watu wanne watano walioketi mbele ya mabafle (spika) wakibishana. Huyu kaleta ampli ya kukuza sauti, yule kaleta platini ya kupigia santuri, mwenye nyumba ndiye mwenye mabafle. Inafungwa ampli ya kwanza, wimbo unapigwa. Inafunguliwa, ya pili inafungwa, waya mmoja unagoma, dakika tano zinapita, wimbo unarudiwa na kitufe cha sauti kimekadiriwa kwa macho tu. Papo hapo hukumu inatoka: hii ina besi, ile imepooza.

Sebule hizo ni hazina. Mtu akiwa peke yake nyumbani hawezi kujua chombo chake kimepungukiwa nini mpaka kisimame kando ya kingine. Lakini kwa mtindo huo wa kufunga na kufungua, vinavyoshindana ni kiwango cha sauti, kiti alichokalia msikilizaji, na volti zilizokuwa ukutani saa ile. Visawazishe vitatu hivyo kwanza. Mabishano mengi yatakufa yenyewe, na yale machache yatakayobaki ndiyo yenye utamu.

Anayepiga zaidi kidogo hushinda

Mpe mtu wimbo uleule mara mbili, wa pili ukiwa juu kwa nusu desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti. Hatasema umepandisha sauti. Atasema wa pili una uhai, besi imejaa, mwimbaji amesogea karibu. Hiyo ni tabia ya sikio, wala si ujinga wa msikilizaji. Mwaka 1933 watafiti Fletcher na Munson walichora namna sikio linavyosikia: sauti ikiwa chini, besi ndiyo inayofifia kwanza, na ukipandisha kidogo besi hurudi upesi kuliko sauti za katikati. Kwa hiyo ampli iliyowekwa juu kidogo "ina besi" hata kama ndani ni pacha wa mwenzake.

Dawa ni multimeta, lakini si kila multimeta. Ile ndogo ya njano yenye AC 200 na AC 750 tu haifai kazi hii. Hatua yake ya chini kabisa ni volti 0.1, na kwenye volti 1 hatua hiyo ni karibu desibeli 0.8, yaani kosa kubwa kuliko tofauti unayoitafuta. Tafuta yenye kipimo cha AC volti 2, au inayojichagulia kipimo yenyewe na kuonyesha tarakimu tatu baada ya nukta.

Tengeneza toni ya Hz 300 (mitetemo 300 kwa sekunde) kwa programu ya kompyuta ya Audacity, iwe desibeli 20 chini ya kilele ili ikaribie wastani wa muziki. Nachagua Hz 300 kwa sababu multimeta nyingi za bei nafuu husoma AC vizuri hadi karibu Hz 400. Ukizipa Hz 1,000 zinaweza kudanganya. Funga ampli ya kwanza kwenye mabafle, cheza toni, gusisha ncha za multimeta kwenye vifungo vya nyuma ya bafle la kushoto, pandisha polepole hadi volti 1.000. Pima na kulia, andika. Ikiwa kushoto ni 1.000 na kulia ni 0.93, kitufe cha sauti hakigawi sawa, jambo la kawaida kwenye ampli za zamani kitufe kikiwa chini sana. Sasa funga ya pili, fikisha bafle lilelile kwenye 1.000.

Ukipata 0.99 inatosha, kwa maana tofauti ya asilimia moja haifiki hata desibeli 0.1. Asilimia 12 ndiyo desibeli nzima. Ampli zenye kitufe cha hatua, za rimoti, huruka nusu desibeli au moja kwa mpigo na hazitaki kukaa katikati. Anza na hiyo yenye hatua, kisha ile yenye kitufe laini ndiyo imfuate mwenzake. Ukimaliza, bandika kipande cha utepe juu ya kitufe na umwambie kila anayesogea: "Papa, usiguse tena."

Toni isiachwe ikilia huku watu wakipiga soga. Volti 1 kwenye bafle lenye ukinzani wa omu 8 ni sehemu ya nane ya wati na haina madhara, lakini toni mfululizo ikipandishwa huunguza koili kwa haraka kuliko muziki.

Umeme wa saa kumi si umeme wa saa moja usiku

Umeme wa SNEL, shirika la umeme la taifa, unatakiwa kuwa volti 220, Hz 50. Jioni, majiko ya umeme yakiwashwa mtaa mzima, volti hushuka. Pima ukutani kabla ya kuanza na upime tena kila mnapobadilisha chombo. Ampli nyingi za kawaida hazina kinachoshikilia volti za ndani: ukuta ukishuka, nazo zinashuka kwa kadiri ileile. Kutoka 220 hadi 180, uwezo wa juu wa ampli hupungua kwa karibu theluthi, hivyo ampli ya wati 60 inabaki na wati 40. Mkisikiliza kwa sauti ya chini hamtaona kitu. Mkipandisha, ngoma zinaanza kukwaruza mapema, na mwenye ampli analaumiwa kwa kosa la laini ya umeme. Kwa hiyo ampli mbili zipimwe ndani ya saa ileile, kwenye chanzo kilekile.

Stabilizatere (kisawazisha volti) ya releya inayolia "ta" inasaidia, ila kila mlio ni mruko wa volti kadhaa; subiri itulie. Inveta inayotoa umeme wa ngazi-ngazi badala ya wimbi laini ni adui mkubwa zaidi: transfoma za ampli zinanguruma, na mngurumo mwingine unaingia hadi kwenye mabafle. Mkilazimika kutumia inveta, iwe ya wimbi laini.

Wapenzi wa santuri wana tatizo lao wenyewe, na linastahili maelezo marefu kwa sababu linadanganya hata wajuzi. Platini nyingi za zamani zina mota ya sinkroni, ambayo kasi yake inafuata Hz za umeme, si volti. Platini iliyotoka Marekani imetengenezewa Hz 60. Hata ukiipa transfoma ya kushusha 220 hadi 110, kwa Hz 50 itazunguka mara 27.8 kwa dakika badala ya 33⅓, na wimbo utashuka zaidi ya nusu-toni tatu. Inahitaji kapi nyingine ya mota, kwani transfoma haibadilishi Hz.

Jenereta nayo ina balaa lake. Ikienda kasi, Hz zinakuwa 52, platini inakimbia kwa asilimia 4, wimbo unapanda zaidi ya nusu ya nusu-toni. Mtu anatoa diski ya strobo, ya kukagua kasi ya platini, kuhakikisha, ile yenye mistari 180 kwa ajili ya 33⅓ kwenye Hz 50, anaiangalia chini ya taa inayometa kwa umeme uleule, na mistari imesimama tuli. Anasema kasi ni sahihi. Mistari imesimama kwa sababu taa na mota vinakosea pamoja! Strobo inalinganisha platini na umeme, hailinganishi platini na saa. Kwenye jenereta, pima Hz kwa multimeta yenye kipimo hicho kwanza, au bandika kipande cha karatasi ukingoni mwa sahani na uhesabu: mizunguko 100 ya 33⅓ inachukua dakika tatu kamili. Na taa nyingi za LED hazimeti vizuri kwa umeme, kwa hiyo mistari haionekani kabisa. Tumia taa ya neoni au glopu ya zamani.

Mngurumo, kwa ufupi: ukiwa mzito wa Hz 50, tafuta waya wa ardhi wa platini uliolegea, waya wa sauti uliolala kando ya transfoma, au vyombo viwili vilivyochomekwa kwenye soketi mbili za mbali zenye ardhi tofauti. Ukiwa mkali zaidi, wa Hz 100, kapasita za pawasaplai zimechoka. Vyombo vyote vichomekwe kwenye soketi moja. Usikate kamwe mguu wa ardhi wa plagi ili kuua mngurumo. Siku transfoma ikivuja, mwili wa ampli utakuwa na volti 220.

Chumba kinapiga besi chenyewe

Sebule nyingi zetu ni matofali, sakafu ya saruji, madirisha ya vioo na mabati juu. Piga kofi moja: ukisikia mlio mfupi wa kutetemeka baada yake, kuta mbili zinazotazamana zinarushiana sauti. Zulia, mapazia mazito na sofa hupunguza. Godoro la sponji lililosimamishwa ukutani hupunguza zaidi, lakini kwa sauti za katikati na za juu tu. Besi hailiogopi.

Ndani ya chumba cha mita 4, mawimbi ya Hz 43 yanaingia sawasawa kati ya kuta mbili na kujikuza. Sasa angalia gitaa la besi: kamba yake nene kabisa, ikiachwa wazi, ni Hz 41. Chumba cha mita 3.1 kinakuza Hz 55, na hiyo ni kamba ya pili. Ndiyo maana katika sebene moja, ile sehemu ya rumba ambapo magitaa yanatawala, noti fulani ya besi inavimba hadi kombe zinagongana kabatini, na noti ya jirani yake inapotea. Mpigaji besi alizipiga zote sawa.

Na uvimbe huo haugawanyiki sawa kwa waliokaa. Mwenye sofa iliyoegemea ukuta wa nyuma anapata besi yote. Mwenye kiti katikati ya chumba anakaa palepale wimbi hilo linapojifuta. Wa kwanza anasema bafle lina besi mno, wa pili anasema halina kabisa, na wote wawili wanasema kweli. Ukimsogeza mtu nusu mita, unambadilishia sauti kuliko ukimbadilishia ampli. Kwa hiyo kiti cha hukumu kiwe kimoja, watu wakipokezana, na kila mtu asikilize vyombo vyote akiwa hapo. Msiokuwa kwenye kiti, kunyweni na mnyamaze.

Kuanzia Novemba hadi Aprili weka kikao asubuhi. Mvua ya alasiri juu ya mabati haina mshindani.

Mabafle ndiyo yenye tofauti kubwa

Kama kikao kina saa tatu tu, zitumie hizo kwa mabafle. Ampli mbili nzuri zinaweza kufanana. Mabafle mawili hayafanani hata yakitoka kiwanda kimoja, yakiwa ya mfano tofauti.

Linganisha bafle moja dhidi ya moja, kwa mono, yote yakisimama mahali palepale palipowekwa alama ya chaki sakafuni. Inaonekana kama kujinyima, maana stereo ndiyo raha. Lakini Floyd Toole, aliyetumia maisha yake kupima mabafle, alionyesha kwamba wasikilizaji hutambua kasoro vizuri zaidi kwa bafle moja. Stereo inazificha kwa upana wake. Watu wawili wenye nguvu wabadilishane mabafle haraka, na sauti isawazishwe kwa kelele ya waridi (mvumo wa kupimia wenye sauti za chini hadi za juu) na programu ya kupima desibeli kwenye simu, simu ikiwa juu ya kiti kilekile. Simu haijui desibeli halisi, ila ikiwa ni ileile na haijasogezwa inajua vizuri lipi limezidi. Desibeli 75 hadi 80 zinatosha. Kupita hapo masikio yanachoka kabla ya saa moja.

Kisha yafunike. Mwaka 1994 Toole na Sean Olive waliwapa watu mabafle yaleyale mara mbili, wakiyaona na bila kuyaona. Walipoyaona, makubwa na mazuri yalipata alama za juu. Pazia lilipofungwa alama zikabadilika. Kitenge hakifai kazi hii, kwa sababu kimefumwa kwa kubana na kinakula sauti za juu. Chandarua kilichokunjwa mara mbili, na taa ikiwa upande wa wasikilizaji, kinaficha vya kutosha. Kitambaa unachoweza kupuliza pumzi ikapita bila shida, na sauti itapita.

Kabla ya yote hayo, hakikisha polariti, yaani chanya na hasi za mabafle hazijapishana. Betri ya volti 1.5, chanya kwenye kifungo chekundu, igusishe kidogo tu: koni ya wufa (spika ya besi) itoke nje. Kuna mabafle ya zamani ya JBL yaliyotengenezwa kinyume, kwa hiyo linganisha kushoto na kulia badala ya kuamini rangi. Moja likitoka na lingine likiingia, besi inakufa katikati ya chumba. Na kwa mabafle ya mkono wa pili kutoka Bulaya, bonyeza taratibu ukingo wa koni: ule wa sponji ukioza unabaki kama unga kidoleni, ule wa mpira hudumu zaidi.

Ampli, lampi na waya wa shaba

Kubadilisha ampli haraka kunataka kisanduku cha swichi. Swichi ikate waya wote wawili, chanya na hasi, na iachie ya kwanza kabla ya kushika ya pili. Ampli nyingi za kisasa hasi yake si ardhi. Ukiunganisha hasi za ampli mbili pamoja unaweza kuziua zote. Kabla ya kufunga ampli yoyote ya zamani, pima volti DC kwenye vifungo vyake vya bafle bila muziki: chini ya milivolti 50 endelea, ikipita 100 irudi kwa fundi.

Ampli ya lampi, zile taa za kioo zinazowaka ndani, isiingizwe kwenye kisanduku hicho. Ikipewa muziki bila bafle, transfoma yake ya kutolea sauti inaweza kuungua. Izime, hamisha nyaya kwa mkono, vumilia. Na hapa tofauti inayosikika ni ya kweli. Chukua ampli ya lampi yenye omu 2 za ndani na bafle ambalo omu zake zinapanda na kushuka kati ya 4 na 20 kadiri noti zinavyobadilika. Kwenye 20 inapoteza chini ya desibeli moja, kwenye 4 inapoteza tatu na nusu. Hiyo ni tofauti ya karibu desibeli 2.7, kama mtu aliyegusa vitufe vya toni. Wengine wanaipenda, na wana haki. Lakini kwa bafle lingine ampli hiyohiyo italia tofauti, kwa hiyo andika majina ya vyombo vyote viwili.

Waya: mji huu ulizaliwa na shaba, lakini nyaya nyingi za bei ya chini zinazouzwa kama shaba ni alumini iliyopakwa shaba. Kwangua uzi mmoja kwa wembe: shaba halisi ni nyekundu hadi ndani, nyingine inatoa weupe. Kwa unene uleule alumini inazuia umeme zaidi, kwa zaidi ya nusu. Waya wa shaba wa milimita 2.5 za mraba, mita 5 hadi bafle, una omu 0.07 kwenda na kurudi. Hapo tatizo limekwisha, na fedha ya waya wa kifahari ikanunue zulia.

Kuhesabu, halafu muziki

Kwa ampli na vigeuzi vya dijitali (vinavyogeuza faili kuwa sauti), swali la kwanza ni kama tofauti inasikika kabisa. Mtu mmoja arushe sarafu nyuma ya pazia, apige A au B kwa sekunde 20 hadi 30, msikilizaji aandike. Fanyeni mara 16. Anayebahatisha tu hupata 12 au zaidi chini ya mara 4 katika 100, kwa hiyo 12 ni ushahidi mzuri. 9 au 10 si kitu. Mwaka 2007 Meyer na Moran walilinganisha rekodi za azimio la juu na sauti hiyohiyo iliyopitishwa kwenye biti 16 na Hz 44,100 za CD: majaribio 554, majibu sahihi 276. Ni sawasawa na sarafu.

Karatasi zifunguliwe kuanzia kwa aliye mdogo kwa umri. Mukubwa akisema wa kwanza, hakuna atakayempinga, na mtakuwa mmepata maoni ya mtu mmoja.

Muziki uwe faili moja au santuri moja kwa vyombo vyote. Wimbo uleule katika toleo lililosafishwa upya ni sauti nyingine. Kwa rumba, fuata gitaa la mi-solo, lile la kati ya solo na ritimu, peke yake kuanzia sebene inapofunguka. Chombo kizuri kinakuacha ulishike hata solo inapopanda juu yake na vyombo vingine vinapoingia. Chombo kibaya kinayachanganya magitaa mawili kuwa moja. Sikiliza pia sauti tatu za waimbaji zikiimba pamoja: unaweza kuwahesabu?

Santuri za mizunguko 78 kwa dakika zinataka sindano yake, yenye ncha ya nusu-kipenyo cha karibu maikroni 75. Ile ya LP (santuri za 33⅓), ya maikroni 18, inashuka hadi chini ya mfereji na kuleta uchafu. Nyingi zilikatwa kabla ya kanuni ya RIAA ya 1954, inayopanga kiasi cha besi na sauti za juu kwenye santuri, kwa hiyo zikipitia prampli (kikuza sauti cha awali) ya leo besi na sauti za juu hazikai sawa, na hilo si kosa la ampli yoyote mliyoifunga. Rekodi za zamani za mono zina faida moja kubwa kwa kikao. Zile alizopiga mpiga gitaa Mwenda Jean Bosco mbele ya Hugh Tracey, mrekodi wa muziki wa Afrika, mwaka 1952 huko Jadotville, Likasi ya leo, ni gitaa moja na mtu mmoja. Kwenye mabafle mawili gitaa hilo lisimame katikati kabisa, jembamba. Likiegemea upande, pima tena volti za kushoto na kulia. Likitawanyika bila mahali, rudi kwenye betri ya kukagua polariti.